Matengenezo ya Safari ya Mbali kwa Baiskeli

Watu wengi wa nchi yetu wajua kupanda baiskeli tangu utoto, nao huitumia kila siku kwenda shambani, sokoni, kisimani na kazini. Lakini safari ya siku saba au nane, ya kupita wilaya baada ya wilaya na kulala ugenini, ni jambo lingine, wala ujuzi wa kupanda peke yake hautoshi. Katika somo hili nataka kuwaonyesha wasomaji namna mtu apasavyo kujitengeneza kabla ya kuondoka kwake. Na ili maneno yangu yasielee hewani, nimechagua njia moja ijulikanayo sana, ndiyo ile itokayo Dodoma kwenda Arusha kwa kupita Kondoa na Babati.

Njia hii ni sehemu ya barabara ndefu iliyowaziwa zamani na Waingereza, ya kutoka Cape Town mpaka Cairo. Urefu wake toka Dodoma hata Arusha ni kama kilometa 420. Zamani ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Sehemu ya Dodoma mpaka Babati, yaani kilometa 251, ilitiwa lami yote ikafunguliwa rasmi mwaka 2018. Basi watu hudhani kwamba lami imeondoa taabu zote za njiani. Imeondoa tope, ni kweli. Walakini lami haikuleta maji wala kivuli, tena imezidisha mwendo wa mabasi na malori.

Neno kubwa katika matengenezo yote ni maji, na la pili ni uzito wa mzigo. Na ukitazama sana utaona kwamba mambo haya mawili ni jambo moja. Mtu aendeshaye baiskeli juani hutoka jasho jingi, naye ahitaji nusu lita ya maji kwa kila saa, na jua likiwa kali hata lita nzima. Akienda saa sita kwa siku, amekunywa lita tatu mpaka sita. Sasa, lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi mtu apitaye nchi kavu kama ile iliyo baina ya Dodoma na Kondoa yampasa kuondoka asubuhi na maji ya kilo tano au sita juu ya baiskeli yake, kabla hajafunga hata shuka moja. Maji hayapunguziki. Kinachopunguzika ni vitu vingine.

Nasema hivi kwa sababu desturi ya wasafiri wetu wengi ni kinyume chake. Utamwona mtu amefunga kwenye keria koti zito, sufuria mbili, viatu vya kanisani, redio, na zawadi za jamaa, na maji yake ni chupa moja ndogo iliyoning'inizwa kwenye usukani. Ukimwuliza, hujibu kwamba maji yapo njiani. Yapo, lakini hayapo kila mahali, wala hayangoji mwenye kiu. Kijiji kina bomba, na siku upitapo mashine imeharibika. Au kisima kipo, lakini kina mama wamepanga ndoo zao tangu alfajiri, nawe mgeni huna budi kungoja zamu yako. Kwa hiyo chukua mzigo wako wote siku kumi kabla ya safari, uufunge kama utakavyoufunga, kisha uende kwa mwenye duka anunuaye nafaka, umwombe akupimie kwa mizani yake. Ukizidi kilo kumi na mbili bila maji, rudi nyumbani ukapunguze. Usipime kwa mkono, maana mkono wa mtu apendaye vitu vyake hudanganya.

Vitu vya lazima si vingi. Nguo ya kuvaa na nyingine ya kubadili, shuka, chandarua chepesi, kandambili, sabuni, tochi, kisu, koti la mvua jembamba, kofia ngumu ya kichwani, dawa zako, fedha kidogo kidogo mahali mbalimbali, na vyombo vya kutengenezea baiskeli. Karatasi ulizoandika namba za simu za jamaa zako uzitie katika mfuko wa nailoni. Simu huzimika, na mahali pengine hakuna mtandao, lakini karatasi haiishi moto. Kadi ya bima ya afya uwe nayo, kama unayo. Vitu vizito vikae chini na karibu na gurudumu, visirundikwe juu ya keria kama gunia la mkaa, maana mzigo wa juu huyumba na kumchosha mpandaji mabega. Mifuko miwili ya turubai yenye kulingana uzito, mmoja kila upande wa gurudumu la nyuma, ni bora kuliko furushi moja kubwa. Maji yafunge mbele au katikati ya fremu, kwa sababu nyuma pana mzigo tayari.

Maji usiyoyajua asili yake uyachemshe, au uyatie vidonge vya kusafishia maji kama yaelezavyo maandishi ya pakiti, ungoje wakati wake kabla ya kunywa. Kuharisha njiani si jambo dogo. Mtu aliyekwisha poteza maji kwa jasho akiharisha hupungukiwa upesi mno. Kila msafiri na ajue kutengeneza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Vipimo hivi visikosewe, maana chumvi ikizidi hudhuru.

Tena ajue dalili. Mkojo ukiwa mchache na rangi yake kama chai ya rangi, umechelewa kunywa. Kichwa kikiuma na macho yakiona giza, shuka ukae kivulini. Lakini mwenzako akianza kusema maneno yasiyo na maana, au kuyumba kama mlevi, na mwili wake una moto mkali, jua kwamba jua limempiga naye yu katika hatari ya kufa. Hapo usimhimize kumaliza kilometa chache zilizosalia. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwilini hata kama ni maji yenu ya mwisho, mpepee, na usimamishe gari lolote limpeleke hospitali. Ndiyo sababu nyingine ya kusafiri watu wawili au watatu, wala si mtu peke yake.

Majira ya safari ni miezi ya Juni mpaka Oktoba. Katika nchi ya Ugogo mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, huisha Aprili, na miezi mingine ni mikavu. Juni na Julai usiku una baridi, wala shuka moja nyembamba haitoshi mahali pa juu kama Bereku. Oktoba joto huwa kali. Pepo za kiangazi huvuma toka kusini-mashariki, nazo humsaidia mtu aendaye kaskazini, ndiyo maana nashauri kuanzia Dodoma badala ya kuanzia Arusha. Lakini angalia ramani yako vizuri, maana jambo hili lina mwisho wake, nami nitalitaja tena.

Sasa nitasema habari za baiskeli yenyewe. Si lazima iwe ya fedha nyingi. Baiskeli ya kawaida ya chuma, ya magurudumu makubwa, ile ambayo fundi wa kila kijiji aijua, ina faida kubwa kuliko baiskeli ngeni yenye vyuma visivyopatikana Kondoa. Lakini iwe nzima. Ipeleke kwa fundi mwezi mmoja kabla ya safari, wala si siku moja kabla, kwa sababu chombo kilichofunguliwa na kufungwa huhitaji kuendeshwa na kukazwa tena. Gololi za magurudumu na za pedali zioshwe kwa mafuta ya taa na kutiwa grisi mpya. Shika kila gurudumu ulitikise upande upande. Likigonga, halijakazwa sawa. Gonga spoku moja moja kwa ukucha usikilize: iliyokazwa hulia, iliyolegea hunyamaza. Mzigo mwingi huelemea gurudumu la nyuma, na spoku za upande wa mnyororo ndizo zikatikazo kwanza, basi chukua nne za akiba, za urefu ule ule, uzifunge kwa utepe kwenye fremu.

Miiba ya njia hii ni ya namna mbili, mwiba wa mgunga na mbigili. Mgunga huuona, mbigili hulala chini penye vumbi kando ya lami, nawe waukanyaga bila kujua. Mafundi wa vijijini wana werevu mzuri wa kupambana nao: huchukua tyubu kuukuu, huipasua kwa urefu, huitandika ndani ya tairi kabla ya kutia tyubu nzima. Baiskeli huwa nzito kidogo, lakini wapumzika na viraka. Hata hivyo chukua tyubu moja ya akiba, viraka, solusheni mpya isiyokauka, msasa, pampu yako mwenyewe, na spana ziingiazo nati zote za baiskeli yako. Ujizoeze nyumbani kutoa tairi na kubandika kiraka hata uweze kufanya hivyo bila kuuliza mtu. Na kabla ya kurudisha tairi, pitisha vidole ndani yake polepole, uutafute mwiba. Wengi hubandika kiraka kizuri kabisa na kuuacha mwiba palepale, wakapata pancha ya pili kabla ya kufika mti ule uonekanao mbele.

Habari ya breki yataka maneno zaidi, maana ndiyo iletayo misiba. Wako wapandaji wengi ambao baiskeli zao hazina breki hata moja. Huzuia gurudumu kwa kandambili, na kijijini penye nchi tambarare huona yatosha. Njia yetu hii baada ya Kondoa hupita Kolo, ikapanda mpaka Bereku, kisha ikashuka kwenda Bonga na Babati. Huo ni mteremko wa kweli, wenye kona, na malori yapanda kutoka chini. Mtu mwenye mzigo wa kilo kumi na nane akiachia baiskeli pale, hana kandambili duniani itakayomzuia. Breki mbili ziwe nzima, mipira yake iwe mipya na ishike ringi sawasawa pande zote. Usizikamate mfululizo mpaka ringi ipate moto. Kamata, achia, kamata tena, na ukiona mikono inachoka, shuka ukae kando mpaka vyuma vipoe. Ringi za chuma zikilowa maji breki haishiki ipasavyo, basi mvua ikikukuta mlimani, tembea kwa miguu. Kutembea kwa miguu si aibu, wala katika kupanda wala katika kushuka. Baiskeli ya mwendo mmoja ikilazimishwa kupanda mlima na mzigo huharibu magoti ya mtu, na goti lililoharibika siku ya tatu halitapona siku ya nne.

Urefu wa kiti nao uangaliwe. Keti juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini. Mguu ukinyoka bila wewe kuinama upande, kiti ni sawa. Watu wengi hukaa chini mno, wakalaumu magoti yao.

Mwili hutengenezwa kama baiskeli, yaani mapema. Wiki sita kabla ya safari anza kwenda kilometa 20 mara tatu kwa wiki, uongeze kidogo kidogo. Wiki mbili za mwisho fanya jaribio lenyewe: funga mzigo wote, pamoja na maji, uende kilometa 60, ulale huko kwa jamaa au rafiki, na kesho yake urudi. Siku ya kwanza haikuonyeshi neno, maana kila mtu ana nguvu siku ya kwanza. Asubuhi ya pili, utakapokaa tena juu ya kiti kile, ndipo utakapojua kama kiti chafaa, kama mikono yafa ganzi, kama mzigo wayumba, na kama wewe mwenyewe u tayari. Mwenye mzigo, katika baiskeli ya kawaida, aweza kuhesabu kilometa 12 kwa saa. Akiondoka saa 12 asubuhi, akipumzika toka saa 5 mpaka saa 9 alasiri jua lipunguapo, akamaliza saa 11 jioni, atakuwa ameendesha saa saba bila vituo. Basi kilometa 60 au 70 kwa siku ni kipimo cha haki. Atakayepanga 100 atafika usiku.

Na usiku usitembee. Barabarani shika mkono wako wa kushoto, vaa nguo nyeupe au ya kung'aa, uwe na taa na kioo chekundu kiwakacho nyuma, na kioo kidogo cha kutazamia nyuma kwenye usukani ukiweza kukipata. Ukiona basi latoka mbele na lori latoka nyuma, nayo yatakutana mahali ulipo, toka katika lami mapema, ungali na nafasi ya kuchagua mahali pa kutokea. Usishindanie haki na gari. Baada ya Babati, kupita Magugu kwenda Minjingu na Makuyuni, iko sababu nyingine. Pale Kwakuchinja wanyama huvuka njia baina ya hifadhi ya Tarangire na ile ya Ziwa Manyara, na tembo ni miongoni mwao. Huvuka zaidi jioni, usiku na alfajiri. Sehemu hiyo ipitwe jua likiwa juu, wala msafiri asilale porini. Na akiwaona tembo mbali, asimame hata wapite wote, pamoja na yule wa nyuma aliyechelewa.

Homa ya malaria nayo isidharauliwe. Alikuwako mtu wa Poland, Kazimierz Nowak, aliyesafiri Afrika tangu mwaka 1931 mpaka 1936, toka Tripoli hata kusini ya bara na kurudi Algiers, kiasi cha kilometa 40,000, kwa baiskeli na miguu, farasi, ngamia na mtumbwi. Watu husifu kilometa zake. Lakini alirudi kwao mwili umekwisha dhoofishwa na malaria, akafa mwaka 1937 kwa nimonia. Siku hizi kuna chandarua chenye dawa, na kipimo cha homa hupatikana katika zahanati. Basi lala ndani ya chandarua kila usiku, na homa ikikushika ukapime siku ile ile, hata kama waona ni uchovu wa jua.

Habari ya kulala vijijini, mgeni asijifiche. Ufikapo kijiji usikokujua mtu, uliza nyumba ya Mwenyekiti wa Kijiji au ofisi ya Mtendaji, uende ukiwa umeshuka baiskeli, usalimu, useme jina lako, utokako, uendako, na kwamba waomba mahali pa kulala usiku mmoja. Onyesha kitambulisho kabla hujaulizwa. Kufanya hivyo kwakulinda wewe, na kwawalinda wao pia, maana mgeni aliyelala kichakani bila taarifa huwatia watu hofu. Jifunze salamu za mahali. Katika Ugogo ukisema "Mbukwa" utaona nyuso zikibadilika. Mbele utakuta Warangi, na Wagorowa kandokando ya Babati, nao wana salamu zao, uwaulize wakufundishe. Chakula chao ule kwa shukrani, ugali wa uwele na mlenda, nacho ni chakula kizuri kwa mpanda baiskeli. Mchana, karanga na ndizi zatosha mpaka jioni.

Siku moja ya kupumzika iwe Kondoa. Mwili utashukuru, na ukipenda kutazama michoro ya kale iliyo juu ya miamba, iliyoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, uanzie kijiji cha Kolo nawe uende na kiongozi. Hiyo ndiyo nafasi ya kukaza nati zote, kutia mnyororo mafuta, na kutazama mipira ya breki kabla ya Bereku.

Nilisema kwamba nitarudi kwenye habari ya upepo. Tangu Dodoma umekuwa ukikusukuma. Lakini ukifika Makuyuni barabara yageuka kuelekea mashariki, na upepo ule ule waanza kukupiga mbele. Tena nchi yapanda toka Makuyuni mpaka Arusha, kama kilometa 80, na magari ya watalii ni mengi. Watu wengi hupanga siku ya mwisho iwe ndefu kupita zote, wakidhani hamu ya kufika itawasukuma. Afadhali uigawanye mara mbili, au uondoke Makuyuni mara kunapopambazuka, na maji yakiwa yamejaa kama siku ya kwanza.

Kwa kurudi, baiskeli yaweza kupakiwa katika basi. Fungua pedali, geuza usukani ulale sambamba na fremu, toa upepo kidogo katika magurudumu, funga mnyororo kwa kitambaa usichafue mizigo ya wengine, ulipe nauli yake ofisini wala si kwa mtu wa mlangoni, na uitunze risiti mpaka baiskeli ishushwe mbele ya macho yako.